Fanesi haipashi joto: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwita fundi

Fanesi, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, ikizima usiku wa Januari hapa Minnesota, nyumba haichukui muda mrefu kupoa, na kufikia alfajiri mabomba ya maji yaliyopita kwenye kuta za nje yanaweza kuwa yameshaganda. Ninafanya kazi ya mitambo hii, na simu nyingi za ndugu zetu Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya huja usiku, zikiwa na maneno yaleyale: "Fundi, hita imekufa." Mara nyingi haijafa. Kuna kitu kimeizuia, na vitu vyenyewe ni vichache. Baadhi yake mwenye nyumba anaweza kuviona bila hata kushika bisibisi. Vingine havifai kuguswa kabisa. Inafaa ujue kipi ni kipi kabla ya kupiga simu, kwa sababu fundi wa usiku au wa wikiendi hutoza zaidi, na akija akakubadilishia betri mbili za thamostati (kile kidude cha ukutani cha kupangia joto) atakudai ada ileile ya kuja.

Hapa nazungumzia zaidi fanesi ya gesi inayosukuma hewa moto vyumbani, maana ndiyo iliyoko kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba) za nyumba nyingi za Minnesota, Iowa, Ohio, Michigan, na hata Winnipeg ng'ambo ya mpaka. Walioko Maine na wengine wanaotumia mafuta nitawafikia mbele kidogo.

Kabla ya kushika chochote, nusa na usikilize. Gesi ya majumbani yenyewe haina harufu. Kampuni huitia dawa inayonuka mayai viza ili ikivuja watu wajue. Ukiisikia harufu hiyo, usiwashe taa wala kuzima, usiguse swichi yoyote, usipige simu ukiwa bado ndani. Toa watoto, toka, nenda mbali na nyumba, ndipo upige 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi. Usione haya kwamba utawasumbua usiku. Hiyo ndiyo kazi yao.

Kusikiliza nako ni hivi. King'ora cha kaboni monoksidi kikipiga milio minne ya haraka, kikapumzika, kikapiga tena minne, kinakwambia kuna gesi ya sumu ndani ya nyumba: tokeni wote, mpige 911 mkiwa nje. Kikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya dakika moja hivi, kinaomba betri au muda wake umekwisha. Nimeingia nyumba ambazo king'ora kimevuliwa ukutani na kutiwa kabatini kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele. Tafadhali, kirudisheni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, mambo ambayo mtu huyadhania mafua. Kama familia nzima inaumwa kichwa nyumbani na kupata nafuu ikitoka nje, usisubiri king'ora.

Kama hakuna harufu na hakuna king'ora, sasa nenda kwenye thamostati. Hakikisha imewekwa kwenye HEAT, kwa sababu watoto hubonyeza, na nyumba nyingine hubaki kwenye COOL tangu kiangazi. Pandisha namba iwe juu ya joto la chumba kwa nyuzi tano, kisha usubiri dakika chache. Nyingine huchelewa kwa makusudi kabla ya kutuma ishara. Tazama pia kitufe cha feni. Kikiwa kwenye ON, feni huzunguka saa zote hata moto ukiwa umezimika, na hewa itakayotoka kati ya mzunguko na mzunguko itakuwa baridi. Watu huniita kwa hilo moja tu: "inapuliza lakini haipashi". Rudisha kwenye AUTO. Kioo kikiwa kimefifia au hakionyeshi kitu, badilisha betri kwanza.

Baada ya hapo, umeme. Fanesi ya gesi nayo hutumia umeme, na bila umeme haiwaki. Ina swichi yake ya kuizima, inayofanana kabisa na swichi ya taa, iliyofungwa ubavuni mwa fanesi, kwenye nguzo karibu yake, au juu ya ngazi za besimenti. Mgeni akiizima akidhani ni ya balbu, nyumba nzima inalala na baridi. Kwenye kisanduku cha breka, breka iliyojiangusha mara nyingi hukaa katikati; isukume hadi mwisho upande wa OFF, kisha irudishe ON. Ikijiangusha tena, iache hapo, kuna hitilafu ya umeme na si kazi yako. Tazama pia mlango wa chini wa fanesi. Nyuma yake kuna kitufe kinachobonyezwa na mlango wenyewe. Mlango usipokaa sawasawa fanesi haifanyi lolote. Aliyebadilisha filta (kichujio cha hewa) jana akaurudisha kombokombo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Na hiyo filta ndiyo nataka tukae nayo kidogo. Ikiziba, hewa haipiti vya kutosha, chuma kilicho juu ya moto kinapata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama inakata gesi ili nyumba isiungue. Feni kubwa inaendelea kupuliza kupoza chuma, kwa hiyo utasikia hewa moto kwa dakika chache, halafu baridi, halafu moto tena, na nyumba haifiki unapotaka. Fanesi inayoachwa ikihangaika hivyo msimu baada ya msimu mwishowe hupasuka chuma chake, na hapo tunazungumzia pesa nyingi. Itoe filta, iinue mbele ya taa. Usipoona mwanga ukipita, imekwisha. Vipimo vimeandikwa kwenye fremu yake, kwa mfano 16x25x1 au 20x20x1, na ununue vilevile, usikisie. Mshale uliochorwa pembeni uelekee kwenye fanesi, upande ambao hewa inakwenda. Za unene wa inchi moja hubadilishwa kila mwezi hadi miezi mitatu. Nyumba zetu zenye watu wengi, zinazokaangwa mandazi na sambusa na kufukizwa udi, zihesabu mwezi mmoja. Dukani utaona namba ya MERV, kipimo cha uwezo wa filta kuchuja. 8 hadi 11 inatosha nyumba nyingi. Ile ya 13 inachuja vizuri zaidi lakini huibana hewa, na fanesi ya zamani inaweza isiimudu. Kama usiku huu huna filta nyingine na hii imeziba kabisa, unaweza kuitoa uiwashe fanesi bila filta mpaka duka lifunguliwe asubuhi. Isiwe mtindo.

Pita vyumbani pia. Godoro lililofunika tundu la hewa sakafuni, kochi lililosukumwa juu ya tundu kubwa la kuvuta hewa, mazulia mawili juu ya mengine: yote hayo huleta shida ileile ya filta iliyoziba. Wapo wanaofunga matundu ya vyumba visivyolaliwa wakidhani wanaokoa gesi. Ukifunga moja haidhuru. Ukifunga nusu ya nyumba unaikaba fanesi.

Kama yote hayo yako sawa, chukua tochi, simama mbele ya fanesi, mwambie mtu apandishe thamostati, kisha utazame tu. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko wote, kwa sababu fanesi hufuata hatua zake kwa mpangilio uleule kila mara, na ile hatua inayokwama ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi. Kwanza huamka feni ndogo inayosukuma moshi nje. Utaisikia ikivuma kwa sauti nyembamba. Swichi ya presha hupima kama hewa kweli inapita. Ikiridhika, kiwashio huanza kung'aa rangi ya chungwa. Utakiona kupitia kitundu cha kioo mlangoni. Sekunde chache baadaye valvu ya gesi hufunguka, unasikia "tak", na ndimi za moto za buluu zinashika moja baada ya nyingine. Kijiti cha chuma kilichokaa ndani ya moto, yaani kihisi, huthibitisha kwamba gesi inayotoka inaungua kweli. Kisipouhisi moto, gesi hufungwa mara moja. Moto ukitulia, baada ya nusu dakika hadi dakika nzima feni kubwa huanza, na joto linapanda vyumbani.

Ikiwa kimya kabisa tangu mwanzo, rudi kwenye thamostati, umeme na mlango. Feni ndogo ikivuma na kuvuma bila kiwashio kung'aa, huenda njia ya moshi au ya maji imeziba, au kiwashio chenyewe kimekatika, jambo la kawaida kwa fanesi iliyofikisha miaka kadhaa. Moto ukiwaka vizuri kwa sekunde tatu au nne kisha ukazima, ukajaribu tena na tena halafu fanesi ikanyamaza, mshuku kihisi: kimechafuka, na fundi hukisafisha kwa dakika chache. Moto ukiwa wa njano na unayumba badala ya kuwa wa buluu, zima fanesi, usiiwashe tena mpaka ikaguliwe. Ndani ya mlango wa chini kuna taa ndogo inayopepesa (itazame kupitia kitundu cha kioo, maana ukiutoa mlango umeme hukatika), na kwenye bati la mlango kumebandikwa jedwali la kueleza kila idadi ya mipepeso ina maana gani. Hesabu mipepeso kabla ya kuzima umeme, maana ukizima unaweza kuipoteza. Piga picha jedwali, rekodi video ya taa. Fundi akipata hiyo video kwenye WhatsApp atajua aje na kifaa gani.

Kuizima na kuiwasha tena kunaruhusiwa mara moja. Ikikwama palepale, usiendelee. Usalama wa mtambo huu uko katika kukataa kuwaka pale ambapo jambo haliko sawa, na anayeilazimisha anaondoa kinga yake mwenyewe. Valvu ya gesi, waya na chumba cha moto si vya kujifunzia kwa video za mtandaoni.

Nje ya nyumba kuna jambo linalosahaulika. Kama fanesi yako inatoa moshi kwa mabomba meupe ya plastiki kupitia ukutani, ni zile zinazobana joto vizuri, na mabomba hayo yakizikwa na theluji hugoma. Theluji ikishuka usiku kucha, zunguka nyumba asubuhi uyafukue kwa mkono, si kwa koleo la chuma, uondoe na barafu mdomoni mwake. Fanesi hizohizo hutoa maji, yanayopita kwenye kibomba chembamba hadi kwenye bomba la sakafuni au pampu ndogo. Kibomba kikiziba kwa ute, au kikiwa kinatokeza nje na kuganda, fanesi husimama. Dimbwi la maji miguuni mwa fanesi ndilo linalokwambia hivyo.

Halafu kuna siku ambazo fanesi ni nzima na nyumba bado haifiki nyuzi 70 za Fahrenheit. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilishuka hadi nyuzi 23 za Fahrenheit chini ya sifuri, karibu 31 za Selsiasi chini ya sifuri, na huku kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Siku hiyohiyo kituo cha gesi kiliungua Michigan, na wananchi wakatumiwa ujumbe wa simu kuombwa washushe thamostati hadi 65 au chini ya hapo ili gesi itoshe. Fanesi hupimwa kwa baridi ya kawaida ya mji, haipimwi kwa siku kama hiyo. Ikiwa inawaka bila kupumzika, moto ni wa buluu na hewa inatoka ya moto, iache ifanye kazi. Funga mapazia, ziba upepo wa chini ya mlango kwa blanketi.

Sasa ndugu wa Lewiston na Portland. Maine ndilo jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba kuliko jimbo lingine Marekani, kwa hiyo swali la kwanza kwenu ni tangi: tazama geji, usiamini tarehe ya gari la mafuta lilipokuja mwisho. Yakiwa yamekwisha na gari haliwezi kuja usiku, dizeli ya kituo cha mafuta hufaa kwa muda katika fanesi nyingi. Mimina galoni kadhaa, tena kwa dumu safi. Mara nyingi njia ya mafuta huwa imeingia hewa na fundi atahitajika kuitoa. Kuna kitufe chekundu cha riseti kwenye fanesi. Kibonyeze mara moja. Ukikibonyeza mara nyingi, mafuta yasiyoungua hujaa kwenye chumba cha moto, na siku yatakaposhika yatawaka yote kwa pamoja.

Wakati wa kusubiri fundi ndio wakati wa hatari kubwa, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Usiingize jiko la mkaa ndani. Usiwashe jenereta besimenti wala gereji. Usiache oveni ya gesi wazi ikupashe. Wengi wetu tumekulia kwenye jiko la mkaa lililokuwa likiwekwa uani au kwenye chumba cha kupikia chenye madirisha yanayopitisha upepo, na tukaona hakuna lililotokea. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na hewa ya sumu nayo haitoki. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme eneo la Seattle, watu wakaingiza mkaa na jenereta ndani, wengi wakafikishwa hospitali na baadhi wakafa, na sehemu kubwa ya walioathirika walikuwa wahamiaji. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa.

Hita ndogo ya umeme ni afadhali, lakini ina masharti. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kurefusha. Iwe mita moja mbali na kitanda, pazia na nguo. Na izimwe mkienda kulala. Tarehe 9 Januari 2022, huko Bronx, New York, hita ya umeme iliyoharibika ilianzisha moto kwenye jengo la Twin Parks North West. Watu 17 walikufa, wengi wao wa familia za Gambia, na moshi ulipanda jengo zima kwa sababu milango iliyopaswa kujifunga haikujifunga. Kusanyikeni chumba kimoja, milango imefungwa, na mkitoka kwenye moto wowote funga mlango nyuma yako. Nyumba ikishuka chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani 13 za Selsiasi, fungua milango ya makabati ya chini ya sinki na uache bomba lidondoshe maji taratibu. Jua mapema valvu kuu ya maji iko wapi, ili bomba likipasuka uifunge bila kutafuta.

Kwa aliyepanga, ukishatazama thamostati, breka na filta umemaliza; fanesi ni ya mwenye nyumba na kuitengeneza ni juu yake. Minnesota sheria inamtaka akupe joto la angalau nyuzi 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, kama joto hilo halimo mikononi mwako. Chicago ni nyuzi 68 mchana na 66 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1. New York City ni Oktoba 1 hadi Mei 31: usiku nyuzi 62, na mchana 68 nje ikishuka chini ya 55. Katika miji hiyo miwili hupiga 311, namba ya huduma za mji. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe, usimpigie tu, na uweke picha ya kipima joto yenye saa. Hofu ya kufukuzwa naijua, lakini kuomba joto ni haki iliyoandikwa, si fadhila.

Kwa mwenye nyumba yake, kuna mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP, ambao kila jimbo huuendesha kwa namna yake. Wengi wanajua unasaidia bili. Wachache wanajua kwamba katika majimbo kadhaa, Minnesota ikiwemo, mwenye nyumba wa kipato kidogo anaweza kusaidiwa kutengeneza au kubadilishiwa fanesi iliyokufa. Piga 211, namba ya kuulizia misaada, uulize, na uombe mkalimani wa Kiswahili bila kusita. Kama tatizo ni deni, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 Minnesota ina kanuni inayokukinga usikatiwe joto, ila lazima uipigie kampuni mwenyewe mkubaliane mpango wa kulipa na uutimize. Anayekaa kimya anakatiwa.

Mengi ya haya hufanywa vizuri zaidi Septemba kuliko Januari. Washa fanesi siku ya kwanza ya ubaridi, wakati mafundi bado wana nafasi, uitazame hatua zake zote. Weka filta mbili za akiba. Badilisha betri za thamostati na za ving'ora, na usome tarehe nyuma ya king'ora cha kaboni monoksidi, maana huisha muda baada ya miaka mitano hadi kumi kutegemea aina. Piga picha kibandiko kilichoko ndani ya mlango wa fanesi chenye modeli na namba yake.

Ukimpigia fundi, mwambie modeli, umri wa fanesi kama unaujua, hatua inayokwama, na idadi ya mipepeso ya taa. Muulize ada ya kuja ni kiasi gani na kama inakatwa kwenye gharama ya matengenezo. Akikwambia chuma cha ndani kimepasuka na fanesi lazima ibadilishwe, mwombe akuonyeshe ufa wenyewe kwa macho au kwa picha. Ufa wa kweli ni hatari na fundi mwaminifu ataifunga gesi ya fanesi papo hapo, usimlazimishe aifungue. Lakini fanesi mpya ni maelfu ya dola, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi mlete fundi wa pili aitazame, na usiku huo familia ikalale kwa jirani.